Wodi ya watoto njiti kwa fedha kidogo: kifua cha mama kwanza, mashine baadaye

Hospitali moja niliyowahi kufanya kazi ilipokea msaada wa inkubeta tatu, masanduku ya umeme ya kuwapasha joto watoto wachanga. Zikashushwa kwenye lori, tukapiga picha, tukala pilau. Ya kwanza iliungua siku ile ile tulipoichomeka, kwa sababu ilitengenezwa kwa umeme wa volti 110 na wetu ni 230. Ya pili ilidumu miezi kadhaa, kisha kihisi joto kikafa na fundi wa vifaa tiba akasema kipuri chake ni cha kuagiza nje. Ikabaki moja, tukawa tunalaza humo watoto watatu kwa pamoja, na akiugua mmoja wanaugua wote. Nilipohamishwa, zote zilikuwa stoo. Moja tulikuwa tunawekea taulo.

Mfadhili simlaumu. Hakutuuliza tunachohitaji, na sisi hatukumwambia. Ila kila mganga mfawidhi anayetaka kufungua chumba cha watoto wachanga huanza kwa kuuliza inkubeta inauzwa bei gani. Mimi humrudishia swali: saa nane ya usiku, umeme umekatika, zamuni yupo muuguzi mmoja, mtoto wa kilo moja na nusu analala wapi? Akiwa na jibu la hilo, ndipo tunaendelea.

Kwa takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, Tanzania hupoteza watoto 24 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai kabla hawajatimiza siku 28. Lengo la dunia ni kushuka hadi 12 au chini ya hapo ifikapo 2030. Wengi wao huondoka kwa mambo matatu: kuzaliwa kabla ya wakati (hao ndio njiti), kushindwa kupumua wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Yote matatu yana hatua za mwanzo ambazo hazihitaji soketi ya umeme. Mwongozo huu unazifuata kwa mpangilio ambao ningefuata leo kama ningepewa chumba kitupu na bajeti ya kituo cha afya cha wilayani. Dozi nilizoweka ni za miongozo ya Shirika la Afya Duniani. Mwongozo wa Wizara ulio ukutani kwako ukisema tofauti, fuata huo.

Hatua ya 1: Chumba, na orodha ya manunuzi

Tafuta chumba kilicho karibu na leba, karibu kiasi kwamba unaweza kumbeba mtoto bila kupita nje. Madirisha yafungike. Pawe na maji ya kutiririka, hata kama ni ndoo yenye koki juu ya kibao. Kisha jaza vitanda, na ninasema vitanda vya mama. Chumba chenye vitanda vidogo sita vya watoto na benchi moja la mama zao nje ya mlango kimepangwa vibaya, hata kama kina vigae.

Fedha zikipatikana kidogo kidogo, kutoka kwenye makusanyo ya kituo au kwa wahisani, nunua hivi kwa kufuatana. Kwanza ambu (mfuko wa mkono wa kumsukumia hewa) ya mtoto mchanga yenye maski mbili, saizi 0 na saizi 1, na saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde. Halafu kipima joto kinachosoma chini ya nyuzi 35. Vingi vya dukani vinaishia hapo hapo, na mtoto aliyepoa hadi 33 kitamwonyesha kama tatizo dogo tu. Mzani wa kidijitali unaosoma kwa gramu 10. Kanga, kofia na soksi. Mipira ya kulishia ya saizi 5, 6 na 8, na vikombe vidogo. Mashine ya kupima sukari na vibanzi vyake. Kipima oksijeni chenye kihisi cha mtoto mchanga, si kile cha kidole cha mtu mzima. Baada ya hapo konsentreta ya oksijeni (mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani), kisha taa ya bluu ya kutibu manjano, kisha CPAP (mtambo wa kumsukumia mtoto hewa puani). Inkubeta haimo kwenye orodha yangu, na sijaisahau.

Hatua ya 2: Meza iliyo leba, na dakika moja ya kwanza

Wodi ya watoto wachanga huanzia leba. Mtoto aliyechelewa kupumua pale hawezi kurudishiwa kilichopotea na mashine yoyote iliyo chumba cha pili.

Kila unapopokea zamu, jaribu ambu. Ziba maski kwa kiganja, bonyeza, sikiliza vali ya usalama ikifunguka. Kama hewa inapotea bila ukinzani, vali imekaa vibaya au mpira umepasuka, na afadhali ulijue hilo saa moja asubuhi kuliko mtoto akiwa mezani. Andika kwenye daftari kwamba umejaribu, utie sahihi.

Mtoto akitoka, mfute kwa kitambaa kikavu mgongoni na kichwani, kitupe kile kilicholowa, mfunike kwa kingine. Kufuta kwenyewe kunamwamsha. Analia? Mweke kifuani kwa mama, kitovu kikae dakika 1 hadi 3 kabla ya kukatwa. Halii, hapumui au anatwetatweta? Sugua mgongo mara mbili tatu. Bado? Mpeleke mezani na anza kumpa hewa kwa ambu kabla dakika ya kwanza haijaisha. Hewa ya kawaida ya chumbani inatosha kuanzia, usimkimbilie mtu wa kufungua mtungi wa oksijeni.

Kichwa kikae kama cha mtu anayenusa, kisikunjwe wala kisipinduliwe nyuma sana. Maski izibe kidevu, mdomo na pua, isiguse macho. Hesabu kwa sauti: bonyeza, mbili, tatu, bonyeza, mbili, tatu. Hapo utapata kama pumzi 40 kwa dakika. Tazama kifua. Kisipoinuka, rekebisha kichwa, kandamiza maski vizuri, angalia kama kuna ute mdomoni na uutoe, fungua mdomo kidogo, kisha bonyeza kwa nguvu zaidi kidogo. Kwa niliyoyaona, wengi wa wanaosema "amegoma" kifua hakikuwa kinainuka tangu mwanzo na hakuna aliyekiangalia.

Kuning'iniza miguu juu, kupiga makalio, kumwagia maji baridi, kufyonza koo la kila mtoto hata anayelia: hayo tuyaache. Yanakula dakika na kufyonza kwa kina kunaweza kupunguza mapigo ya moyo.

Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya kuwafundisha wakunga mbinu hizi katika hospitali 8 za Tanzania. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47. Hakuna aliyeletewa mashine mpya pale, bali mafunzo, ambu na mdoli wa kujifunzia. Nasisitiza mdoli, kwa sababu mafunzo ya siku moja husahaulika. Uwekeni chumba cha wauguzi, kila mwanzo wa zamu mtu mmoja afanye zoezi la dakika tano huku wenzake wakimtazama na kumkosoa.

Ambu ikishatumika, ifungue vipande vyote, ioshe kwa maji na sabuni, chemsha dakika 20, iache ikauke juu ya kitambaa safi. Kuifuta kwa spiriti haitoshi.

Hatua ya 3: Joto

Joto la mwili la mtoto mchanga liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Watu wa Makete na Mbulu hawahitaji kuelezwa baridi ni nini, lakini nimewahi kupokea watoto waliopoa kutoka sehemu za joto kali ambako mkunga mwenyewe anatoka jasho. Mtoto aliyelowa maji ya uzazi chini ya feni hupoa popote pale. Zima feni ya leba, funga dirisha, leta chumba kifikie nyuzi 25 au zaidi.

Usimwogeshe hadi saa 24 zipite. Bibi akidai mtoto ananuka, mweleze kwa heshima kwamba ule utando mweupe ni mafuta yake mwenyewe. Mvishe kofia, maana kichwa chake ni kikubwa kulinganisha na mwili na ndiko joto linakopotelea. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32, mfuko safi wa plastiki angavu unaofunika kuanzia miguu hadi shingoni mara tu anapozaliwa, kabla hata ya kumfuta mwili, huzuia joto kupotea. Kichwa ndicho kinachofutwa na kuvikwa kofia, kikibaki nje ya mfuko. (Mtu atauliza kuhusu marufuku ya mifuko ya plastiki ya 2019. Ile ilihusu mifuko ya kubebea bidhaa. Vifungashio vya huduma za afya havikuguswa.)

Chupa za maji ya moto pembeni mwa mtoto, hapana. Nimeona majeraha yake.

Hatua ya 4: Kangaruu

Hapa ndipo penye wodi yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka 1978, Bogotá nchini Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na shida ambayo wengi wetu tunaijua: inkubeta chache, watoto wanabanana humo na kuambukizana, mama zao wamerudi nyumbani. Akawaweka watoto kwenye vifua vya mama zao, ngozi kwa ngozi, na hiyo ndiyo kangaruu. Kwa miaka mingi wakubwa wa tiba waliita hii dawa ya maskini. Kisha ukafanyika utafiti mkubwa katika nchi tano, Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania yetu, kwa watoto 3,211 wa kati ya kilo 1.0 na 1.799. Matokeo yalitoka 2021. Walioanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12 ndani ya siku 28, na waliosubiri hadi hali itulie walikufa asilimia 15.7. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri ianze mara moja, saa 8 hadi 24 kwa siku, hata kwa mtoto ambaye bado anahitaji kuangaliwa kwa karibu. Anayesubiriwa ni yule asiyeweza kupumua mwenyewe, au aliye katika mshtuko (mzunguko wa damu umeshindwa) au anayehitaji mashine ya kupumulia.

Namna ya kufunga:

1. Mama anawe mikono, avue nguo za juu, avae gauni au shati linalofunguka mbele.
2. Mtoto awe mtupu isipokuwa nepi, kofia na soksi. Blanketi katikati ya ngozi na ngozi huharibu kila kitu.
3. Msimamishe wima katikati ya maziwa, kifua kwa kifua, kichwa kimegeuzwa upande mmoja na kuinuliwa kidogo ili njia ya hewa isikunjike. Miguu na mikono ikunjwe mithili ya chura.
4. Zungusha kanga, funga kwa nguvu kiasi cha kutodondoka mama akisimama. Ukingo wa juu ufike chini ya sikio. Eneo linalokaza liwe kifuani mwa mtoto. Tumboni pabaki nafasi ya kupumua.
5. Mama aketi au alale ameegemea, nyuzi 30 hadi 45. Kitanda hakikunji? Weka tofali mbili chini ya miguu ya upande wa kichwa, ongeza mito.

Mwache atembee, achambue mboga, aongee na simu. Mama anayedhani lazima akae kama sanamu atachoka siku ya pili na kumlaza mtoto kitandani. Akienda kuoga, kifua cha baba kinafaa, cha bibi kinafaa, cha shangazi mwenye afya njema kinafaa. Baba wengi huja wanachungulia mlangoni wakiwa na chupa ya chai, mvute ndani. "Baba Neema, hebu vua shati." Watacheka wote, na nusu saa baadaye utamkuta amesinzia na mtoto wake kifuani. Mapacha wanakaa wote wawili pamoja.

Sasa lile ambalo miongozo mingi hulipita kwa sentensi moja. Tunaposema kangaruu ni bure, ni bure kwa hospitali. Mama wa mtoto wa kilo moja na robo atakaa wodini wiki tatu, nne. Nyumbani ameacha watoto wengine, pengine ni msimu wa kupalilia. Chakula chake kinaletwa na nani? Ndiyo maana wanatoroka, na sisi tunaandika kwenye faili "ametoroka" kana kwamba ni mhalifu. Mambo yaliyosaidia sehemu nilizofanya kazi ni madogo: jiko la nje lenye paa na kuni, bafu lenye mlango unaofungika, kamba ya kuanikia nguo, na mazungumzo na mume au mama mkwe siku ya kwanza kabisa ili ajue ni wiki ngapi na kwa nini. Kamati ya kituo ikiuliza ichangie nini, waambie unga, maharage na sabuni kabla hawajafikiria mashine.

Hatua ya 5: Maziwa

Njiti wa chini ya wiki 34 mara nyingi hajui bado kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Maziwa anayahitaji vile vile, ya mama yake, na kuanzia siku ya kwanza.

Mama aanze kukamua ndani ya saa chache baada ya kujifungua, na aendelee angalau mara 8 kwa siku, usiku ukiwamo. Siku ya kwanza atatoa matone tu ya dang'a na atakwambia "sina maziwa". Yafyonze kwa bomba la sindano la mililita 1, mpe mtoto yote. Akikamua huku mtoto yuko kifuani, yanatoka zaidi. Chombo kioshwe kwa sabuni na kumwagiwa maji yaliyochemka. Maziwa yaliyokaa nje ya friji zaidi ya saa nne ninayamwaga.

Mpira wa kulishia upime kutoka puani hadi kwenye ndewe ya sikio, kisha hadi katikati ya kitovu na ncha ya mfupa wa kifua. Weka alama kwa plasta. Kabla ya kila mlo vuta kidogo uone majimaji ya tumboni, na angalia alama haijasogea. Maziwa yashuke yenyewe kwa uzito wake kupitia bomba lisilo na kisukumio. Ukisukuma atatapika, na yanaweza kuingia mapafuni.

Kiasi: kwa mtoto mwenye kilo 1.5 au zaidi aliye imara, mililita 60 kwa kila kilo siku ya kwanza, 90 ya pili, 120 ya tatu, 150 ya nne. Chukua mtoto wa kilo 1.6. Siku ya kwanza anahitaji mililita 96. Ukimlisha kila baada ya saa 2 ni milo 12, yaani mililita 8 kwa mlo. Siku ya pili 12, ya tatu 16, ya nne 20. Ziandike kwenye karatasi iliyo kitandani ili muuguzi wa usiku asipige hesabu akiwa na usingizi. Wa chini ya kilo 1.5 anza taratibu, mililita 2 hadi 4 kila baada ya saa 1 au 2, na namna ya kuongeza aiamue daktari. Tumbo likivimba na kukaza, akitapika kijani au kukiwa na damu kwenye choo, simamisha maziwa na uite daktari.

Akianza kunyonyanyonya vidole au mpira, jaribu kikombe. Mkalishe nusu wima, gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, maziwa yafike kwenye mdomo tu, aachwe alambe mwenyewe. Kummiminia ni kumzamisha. Chupa za chuchu sizitaki wodini, kuzisafisha ni kazi ambayo hakuna anayeimaliza.

Mpime kila siku, saa ile ile, mtupu. Atapungua siku za mwanzo, hadi asilimia 10, na kurudia uzito wa kuzaliwa kati ya siku ya 10 na 14. Baada ya hapo tarajia gramu 15 kwa kila kilo kwa siku. Asipoongezeka, kabla ya kufikiria ugonjwa hesabu milo aliyopewa kweli usiku. Mara nyingi jibu liko hapo.

Hatua ya 6: Mikono

Kitakasa mikono kinaweza kutengenezwa hospitalini na mfamasia wenu. Kwa lita 10: ethano ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, halafu jazia kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi lita 10. Kikae saa 72 kabla ya kutumika. Weka chupa kwenye kila kitanda, maana chupa moja mlangoni huishia mlangoni. Kwa nyuso na vifaa, jiki ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa maji sehemu 6, inakupa klorini ya asilimia 0.5, ichanganywe upya kila siku.

Kitovu kiachwe kikavu na wazi. Majivu, mavi ya ng'ombe, mafuta ya taa, vyote mama atakuwa ameshasikia vikisifiwa, kwa hiyo muulize bila kumgombeza. Penye mazoea hayo gel ya klorheksidini ya asilimia 7.1 inashauriwa kwa kitovu. Iweke mbali kabisa na dawa ya macho: wapo watoto katika nchi kadhaa waliotiwa klorheksidini machoni kwa kudhaniwa ni dawa ya macho, wakaumia vibaya.

Ukishuku maambukizi, ampisilini na gentamaisini zianze bila kusubiri majibu ya maabara. Gentamaisini ndiyo inayokosewa. Chupa ya miligramu 80 katika mililita 2 ni nzito mno kwa kupimia dozi ya njiti. Ongeza maji ya sindano mililita 6, jumla ziwe 8, kila mililita sasa ina miligramu 10. Njiti wa kilo 1.5 katika wiki ya kwanza, kwa miligramu 3 kwa kilo mara moja kwa siku, anahitaji miligramu 4.5, ambazo ni mililita 0.45 kwenye bomba dogo la mililita 1. Wawili wapige hesabu, kila mmoja peke yake.

Hatua ya 7: Sukari

Pima kwa kila mtoto aliyepoa, anayetetemeka, aliyelegea au asiyekula. Chini ya 2.5 mmol/L, mpe deksitrosi (maji ya sukari) ya asilimia 10, mililita 2 kwa kilo, kwenye mshipa, taratibu. Mna ya asilimia 50 tu? Mililita 10 zake na maji ya sindano mililita 40 zinakupa ya asilimia 10. Rudia kupima baada ya nusu saa.

Hatua ya 8: Oksijeni, na CPAP kama mnaiweza

Oksijeni ni dawa yenye dozi. Kwa njiti tunataka kipimo kati ya asilimia 90 na 95 anapokuwa kwenye oksijeni. Ukimwacha kwenye 99 kwa siku kadhaa kwa nia njema, unaweza kumharibu macho. Anza na nusu lita hadi lita 1 kwa dakika kwa mrija wa puani wa mtoto, kisha punguza kadiri anavyotulia. Konsentreta inategemea umeme, kwa hiyo mtungi mmoja uliojaa ukae chumbani, na spana yake iwe imefungwa kwa kamba kwenye mtungi huo huo. Spana hupotea kuliko kitu chochote hospitalini.

CPAP ya mapovu ni mtambo rahisi kuuelewa: hewa inaingia puani kwa msukumo, mrija wa kutolea umezamishwa kwenye chupa ya maji sentimita 5 au 6, na kina hicho ndicho kinachoyazuia mapafu yasisinyae. Mapovu yakiacha kutoka, pana mahali panavuja, kwa kawaida puani au mdomo uko wazi. Blantyre nchini Malawi walipoanza kutumia mashine ya bei nafuu iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani pamoja na madaktari wa hapo, asilimia 71 ya watoto waliowekewa walipona, dhidi ya asilimia 44 ya waliopata oksijeni ya kawaida. Ni matokeo mazuri. Lakini usiianze kama huna muuguzi wa kumwangalia mtoto huyo usiku kucha, kipima oksijeni, na njia ya kuchanganya hewa na oksijeni. Mrija unaokandamiza pua bila kuangaliwa hutoboa nyama ya katikati ya pua.

Hatua ya 9: Manjano

Mkague kwenye mwanga wa mchana, bonyeza ngozi ya paji la uso, kifua, kisha nyayo. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au yaliyofika viganjani na nyayoni siku yoyote, ni dharura. Kumwanika juani asubuhi hakutibu. Mtoto anaungua au anapoa na siku zinapita, na manjano yakiingia kwenye ubongo yanaacha uziwi na ulemavu. Taa ya bluu ndiyo tiba. Funika macho, mvue abaki na nepi, mgeuze, mnyonyeshe kama kawaida. Taa za tyubu hupoteza nguvu zikiwa bado zinawaka, hivyo andika tarehe ya kuzifunga juu yake kwa kalamu ya wino mzito.

Hatua ya 10: Usiku, na kusafirisha

Karatasi moja kwa kila kitanda, kila baada ya saa 3: joto, pumzi kwa dakika, oksijeni, maziwa, mkojo. Wafundishe akina mama dalili za hatari, maana wao wako macho muuguzi akiwa leba: ameacha kunyonya, anadegedeka, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea, ana joto sana au amepoa, hajitikisi hadi aguswe. Mama wa kitanda cha tatu ameniita usiku kwa ajili ya mtoto wa kitanda cha tano zaidi ya mara moja.

Akihitaji rufaa, piga simu kwanza unakompeleka. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama kwa namba 115, bila malipo, hubeba watoto wachanga pia. Mpe dozi ya kwanza ya dawa, mlishe au mpe deksitrosi, mfunge kangaruu kwa mama au ndugu, na muuguzi apande na ambu. Mtoto aliyefungwa kwenye blanketi mikononi mwa msindikizaji hufika amepoa.

Hatua ya 11: Kwenda nyumbani

Uzito peke yake usiwe kigezo. Ameongezeka siku tatu mfululizo, joto limetulia, ananyonya au anakunywa kwa kikombe mlo wote, na mama mwenyewe anaweza kukuonyesha kufunga, kukamua na kutaja dalili za hatari bila wewe kumkumbusha. Namba ya simu ya wodi iandikwe kwenye kadi ya kliniki. Arudi kila wiki hadi afike kilo 2.5, anayetoka mbali mpange na zahanati ya kijijini kwake na umpigie mhudumu wa huko wewe mwenyewe.

Atauliza aendelee na kangaruu hadi lini. Mwambie mtoto ndiye atakayesema: akikaribia kilo mbili na nusu ataanza kutoka jasho, kupiga mateke na kuchomoa mikono nje ya kanga. Hapo mfungulie.